Hatua Nne, Mita Tatu

4 Septemba

Kwa aliyekaa kwenye Dawati la Madalali,

Leo sina salamu. Zangu zote nimezimaliza asubuhi kwenye simu yenu, nikisalimiana na mashine iliyoniambia bonyeza moja, bonyeza mbili, kisha ikanipigia muziki mpaka sikio likapata moto. Ndiyo maana naandika. Barua haina vitufe.

Mimi ni dalali wa nyumba. Mtaani wananiita Mama Funguo, kwa sababu nikitembea nalia kama pikipiki mbovu. Niko kwenye tovuti yenu mwaka wa kumi na moja huu, tangu ilipofunguliwa. Kabla yenu nilikuwa nabandika karatasi kwenye nguzo za umeme, mvua ikinyesha nyumba zangu zinasombwa zote kwenye mtaro. Mlipokuja nyie nilishukuru, siwezi kusema uongo.

Leo saa tatu nimekaa na mteja, nafungua ukurasa wangu nimwonyeshe nyumba, nakuta patupu. Nyumba thelathini na nne zimefutika. Katikati kuna maandishi mekundu: "Akaunti imefungwa kwa udanganyifu wa vipimo." Mteja akasoma kabla yangu, maana macho yake ni machanga. Akaaga kwa adabu. Hakurudi.

Udanganyifu! Mimi nimeshawahi kumwambia mteja asinunue nyumba kwa sababu jirani anafuga mbwa wanne. Nani mwingine anafanya hivyo?

Nakueleza kinachoniuma ili usije ukadhani nalilia kompyuta. Mwalimu mstaafu mmoja, aliyemfundisha binti yangu kusoma, amenikabidhi nyumba yake niiuze. Yeye na mkewe wanataka kuhamia karibu na mtoto wao aliyejifungua mapacha. Naye ameyaona hayo maandishi mekundu. Amenipigia simu akasema kwa upole kabisa kwamba atasubiri mwisho wa mwezi, na kama mambo hayajanyooka atawapa nyumba wale madalali wa kampuni ya magari meupe. Hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kushika.

Nyumba isiyo kwenye tovuti yenu siku hizi ni kama haipo, na dalali vivyo hivyo. Nirudishieni ukurasa wangu. Nina akili timamu, miguu mizima, na subira kidogo.

Mama Funguo


5 Septemba

Ndugu Dalali,

Tumepokea barua yako na tunasikitika kwa usumbufu.

Akaunti yako imefungwa kwa mujibu wa Kanuni ya Saba: dalali akilalamikiwa mara tatu ndani ya siku sitini kwamba vipimo alivyotangaza si vya kweli, akaunti hufungwa mara moja, na shauri hupelekwa kwenye kamati. Malalamiko dhidi yako ni haya:

Mpangaji wa kwanza alinunua kabati kwa kufuata tangazo lako. Kabati halikuingia chumbani.

Wa pili anasema jiko ni dogo kuliko ulivyoandika.

Wa tatu aliagiza zulia lishonwe kwa kipimo cha sebule ulichotangaza. Ameambatanisha picha. Zulia limepanda ukutani kwa sentimita tisini.

Kamati itakaa tarehe 30 Septemba na kuamua ama kufungua akaunti au kuifuta moja kwa moja. Dalali haitwi mbele ya kamati. Unaruhusiwa kutuma maelezo na vielelezo kupitia dawati hili.

Wako katika kazi,
Karani, Dawati la Madalali


6 Septemba

Bwana Dawati,

Kumbe kuna mtu! Nilidhani barua yangu itajibiwa na yule wa bonyeza moja.

Picha ya zulia nimeiona. Nilicheka, kisha nikakumbuka ni mimi ninayechekwa, nikaacha.

Sasa sikiliza. Mimi chumba napima kwa miguu. Usigune. Nilipoanza kazi nilinunua futi kamba, ikaibiwa siku ya tatu. Nikanunua nyingine, fundi mmoja akaiazima mpaka leo. Nikasema basi, nitapimia kitu kisichoazimika. Nikaenda uwanja wa shule, nikatembea hatua nne huku Mwalimu huyohuyo akinipimia kwa rula yake ya ubaoni. Mita tatu kamili. Nikarudia mara ishirini, mita tatu kamili. Tangu siku hiyo hatua nne zangu ni mita tatu, mvua jua, viatu au ndala. Mafundi ujenzi wameshabishana nami, wakatoa futi zao, wakafunga midomo yao. Kuna mmoja alininunulia soda kwa aibu.

Kwa hiyo kama zulia limepanda ukutani, mwulizeni aliyelishona. Na kabati, na jiko pia. Watu watatu wanaweza kukosea. Miguu yangu haijawahi.

Na wewe je? Umekalia nyumba maelfu kwenye hiyo kompyuta, umewahi kufungua mlango wa hata moja?

Mama Funguo


10 Septemba

Mama,

Samahani kwa kuchelewa. Swali lako la mwisho lilinikaa kooni, na jibu lake ni hapana. Nina miaka minne kwenye kiti hiki na sijawahi kuingia kwenye nyumba hata moja kati ya hizi. Naziona kwa picha tu.

Basi nikafanya jambo ambalo kanuni hainilazimishi. Tovuti haitupi kitu. Kila tangazo lililowahi kuwekwa limehifadhiwa, hata la nyumba iliyokwisha kuuzwa. Ni msaada tunaowapa madalali ili wakitaka kutangaza nyumba ileile tena wasianze upya, ingawa naona wewe huutumii, unaandika upya kila mara. Nikafungua matangazo yako yote ya miaka kumi na moja. Ni mia mbili na kumi na mawili, bila kuhesabu haya ya sasa.

Nimekuta nyumba iliyokua.

Ile iliyo juu ya duka la mshona viatu, ghorofa ya pili. Uliitangaza miaka sita iliyopita: sebule mita sita. Ukaitangaza tena Mei mwaka huu: sebule mita sita na senti tisini. Ukuta haujasogezwa, nimelinganisha picha, hata ufa wa pembeni ni uleule. Ndiyo ya bwana wa zulia.

Nikatafuta nyingine zilizotangazwa mara mbili. Nimezipata tisa. Kila iliyorudiwa kabla ya Machi mwaka huu ina vipimo vilevile, senti kwa senti. Kila iliyorudiwa baada ya Machi imekua. Tena zimekua kwa kiasi kimoja: penye mita sita pameongezeka kama senti tisini, penye mita tatu senti arobaini na tano. Jiko, korido, stoo. Choo nacho kimekua.

Hapo ndipo niliposimama, Mama. Nimesoma mashauri mengi ya watu wanaotia chumvi. Wanatia kwenye sebule na chumba kikubwa. Sijaona mtu anayedanganya kuhusu choo.

Nisamehe nikiuliza: Machi kulitokea nini?

Karani


11 Septemba

Bwana Dawati,

Machi hakukutokea kitu. Mvua ilinyesha, nikapangisha nyumba tatu, nikala, nikalala.

Kama unataka kujua mabadiliko ya biashara, yapo. Siku hizi nyumba za ghorofani nawaachia wateja wapande wenyewe na funguo, mimi nawasubiri chini kwenye kivuli. Ni mbinu. Mteja akiwa peke yake anaipenda nyumba haraka. Nimenunua na viatu vya raba, vinapendeza. Hayo ndiyo ya Machi.

Umefanya kazi nzuri kupekua, lakini usinipekue mimi. Peleka hayo makaratasi kwenye kamati wafungue ukurasa. Mwalimu leo hakupokea simu yangu.

Mama Funguo


12 Septemba

Mama yangu,

Nikiyapeleka makaratasi haya yalivyo, kamati itaona jambo moja tu: tangu Machi nyumba zako si za kweli. Nitakuwa nimekufukia kwa mikono yangu mwenyewe. Wanahitaji kujua kwa nini.

Sikuombi uniambie lolote. Naomba uazime futi kamba kwa jirani, ufunge mlango wa ofisi, utembee hatua nne kama zile za uwanja wa shule, kisha upime. Usiponiandikia jibu nitaelewa. Ila pima.

Karani


15 Septemba

Mwanangu,

Mita mbili na senti sitini.

Nikadhani futi ni mbovu. Nikarudia, mita mbili na hamsini na nane. Nikavua viatu vya raba, nikarudia, mbili na sitini tena. Nikakaa chini sakafuni kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, nikalia. Sitakuficha.

Machi nilianguka. Nilikuwa nashusha mteja kutoka ghorofa ya nne, ngazi zina maji, mguu ukateleza, nikashuka ngazi saba kwa goti la kulia. Mteja alitaka kuniita gari la wagonjwa. Nikamwambia ni mkwaruzo tu, nikamwonyesha na bomba la maji ya moto, tena nikitabasamu. Alilipenda. Nilipofika nyumbani goti lilikuwa limevimba kama tikiti.

Sikumwambia mtu. Binti yangu anayeishi nami angenifungia ndani, maana tangu baba yake afariki ananichunga kama yai. Na wale wa magari meupe wangeeneza kwamba Mama Funguo amekwisha, hawezi ngazi. Dalali asiyeweza ngazi ni nani? Nikajikaza. Nikatembea polepole na kujiambia ni mapozi ya mtu mzima. Nilijua goti linauma. Haki ya Mungu sikujua kwamba hatua imefupika. Mtu hahesabu urefu wa hatua yake, anahesabu hatua. Nilikuwa nahesabu zilezile nane, kumi, nane, kumi, na nyumba za watu zinatanuka mikononi mwangu.

Yule wa zulia alikuwa na haki, na wa kabati, na wa jiko. Nimewadanganya watu watatu bila kudanganya, na sijui kama kuna neno la kitu hicho.

Sebule ya Mwalimu niliandika mita sita. Juzi niliipima kwa futi, nikiingilia mlango wa nyuma, nikimwambia mkewe natafuta mchwa. Ni mita tano na senti ishirini.

Nitazipima zote upya. Zote thelathini na nne, kwa futi, mpaka vyoo. Nina siku kumi na tano. Kamati ikinifuta inifute nikiwa nimenyoosha mambo yangu.

Na sasa unajua ambacho hata binti yangu hajui. Ukimwambia mtu nitakuja huko kwa hilihili goti.

Mama Funguo


17 Septemba

Mama,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ukishaniambia ukweli wako siwezi kuendelea kukaa na wangu.

Nilikuandikia kwamba akaunti yako "imefungwa kwa mujibu wa Kanuni". Kanuni haina mikono. Aliyeifunga ni mimi. Lalamiko la tatu lilipoingia, mfumo uliniletea jina lako pamoja na kitufe. Nilikuwa na majina kumi na moja asubuhi hiyo na nilitaka kuyamaliza kabla ya chai. Kumbukumbu ya mfumo inaonyesha nilitumia sekunde nane. Sikufungua hata tangazo lako moja. Ningefungua mawili tu ningeiona nyumba iliyokua, na ningekupigia simu, na Mwalimu asingesoma maandishi mekundu.

Barua yako ya kwanza iliponifikia nilijificha nyuma ya neno "tunasikitika". Sisi hatukuwepo. Nilikuwepo mimi.

Naomba msamaha. Kazi yangu inaitwa kuwasaidia madalali, na nilikusaidia kuanguka mara ya pili.

Hili naweza kulifanya: nimekufungulia rasimu. Ukurasa wako hauonekani kwa wateja, lakini unaweza kuingiza vipimo vipya, na kila sahihisho litajihifadhi na tarehe na saa yake. Kamati itaona kila kitu, siku kwa siku. Utumie au usiutumie, ni haki yako.

Karani aliyekufungia


24 Septemba

Wewe,

Nimekukasirikia siku saba. Nimekukasirikia kwa utaratibu, asubuhi na jioni, kama mtu anayemeza dawa. Sekunde nane! Mimi kumfungia mtu mlango wa choo tu nachukua zaidi.

Lakini nilikuwa nakukasirikia huku napima, na rasimu yako nimeitumia, usione nimejivuna. Nyumba ishirini na sita zimekwisha. Nane zimebaki.

Siku ya pili binti yangu alinikuta kwenye korido ya nyumba ya mtu, nimekaa sakafuni, futi imejiviringisha miguuni, siwezi kuinuka wala kuifikia ncha ya pili. Alikuwa amepeleleza ninakokwenda. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama, hilo goti lina miezi mingapi?"

"Goti gani?"

"Mama."

"Sita."

Nilitegemea dhoruba. Akavua viatu, akachukua ncha ya futi, akaipeleka ukutani. "Soma," akasema. Nikasoma. Tukaenda chumba cha pili. Hakunisemesha mpaka nyumba ya tano, na hapo aliniambia tu kwamba tarehe tano naenda hospitali, na si ombi. Sasa tunapima wawili. Anashika ukuta, mimi nasoma, yeye anaandika. Miaka yote nilimkataza kazi hii, nikisema ni ya kuchakaza viatu. Kumbe ana jicho! Ameona nyufa mbili nilizokuwa nimezipita.

Tumefanya na jambo jingine. Kila mteja wa tangu Machi nimempigia simu au nimemwandikia, nikimwambia: nyumba niliyokuonyesha ni ndogo kuliko nilivyotangaza, kosa ni langu, vipimo vya kweli ni hivi. Wa kabati amenisamehe. Wa jiko amekata simu. Bwana wa zulia nilimwendea mwenyewe na fundi. Tumelikata, na kipande kilichobaki kimetandikwa koridoni. Anasema korido sasa imependeza kuliko sebule, na ameapa kuiandikia kamati yenu.

Kwa Mwalimu nilienda wa mwisho, kwa aibu. Nikamwambia mita tano na ishirini. Akanisindikiza mpaka mlangoni. Kisha akaniambia nikirudi nijue kwamba neno lake la mwisho wa mwezi liko palepale.

Msamaha wako nimeupokea. Sijaumaliza kuutoa, lakini nimeanza. Mtu aliyenificha sekunde nane angeweza kuendelea kunificha, nisingejua milele. Hiyo nimeiweka upande wako.

Mama Funguo


3 Oktoba

Mama Funguo,

Kaa chini. Kama umeshakaa, shika kitu.

Kamati ilikaa tarehe 30 kama ilivyopangwa. Watu watatu: mkuu wetu, mwanasheria, na mwakilishi wa madalali wakubwa, bwana mwenye tai. Nilisimama mbele yao na makaratasi yako mpaka mikono ikauma. Niliwasomea nyumba iliyokua. Niliwasomea barua ya bwana wa zulia, ambayo ni kurasa mbili na ina picha ya korido. Niliwaonyesha rasimu, nyumba thelathini na nne, ya mwisho ikiwa imeingizwa tarehe 28 saa nne asubuhi. Na kwa ruhusa uliyonipa kwenye simu, niliwaeleza goti. Kisha nikasema aliyefunga akaunti ni mimi, na kwamba sikuwa nimesoma kitu. Mkuu alinitazama kwa jicho ambalo nitalikumbuka.

Bwana mwenye tai hakutikisika. Akasema, "Mtu akishakamatwa husahihisha. Hiyo si hoja. Na hizi hadithi za kupima kwa miguu mnaziamini? Tujuaje kama hata za zamani zilikuwa za kweli?"

Nikamsukumia orodha ya matangazo yako mia mbili na kumi na mawili. Nikamwambia achague.

Akachagua matano, tena kwa nia mbaya. Aliitafuta nyumba yenye vyumba vya pembe tano, na ile ya zamani yenye kuta zilizopinda. Mkuu akaahirisha uamuzi kwa siku tatu na kuagiza zipimwe, na kwamba mimi niende na bwana mwenye tai. Ndiyo, Mama. Jana nilikuwa mjini kwako. Nilikatazwa kukutafuta kabla ya uamuzi, lakini tulipita mbele ya ofisi yako. Ulikuwa mlangoni unabishana na mtu kuhusu bomba, na ulikuwa unashinda. Nilitaka sana kusimama.

Nimefungua milango mitano jana. Sikujua kwamba kila nyumba ina harufu yake. Sikujua kwamba ukiingia chumba kitupu unanong'ona. Kwenye tangazo lako la miaka tisa iliyopita uliandika "jikoni jua linaingia asubuhi mpaka kwenye sinki", na tulifika asubuhi, na jua lilikuwa kwenye sinki.

Bwana mwenye tai alipima mwenyewe. Hakuniruhusu kugusa futi. Nyumba ya kwanza: sawasawa. Ya pili: pungufu senti tatu. Ya tatu, ile yenye kuta zilizopinda, alipima mara tatu, jasho linamtoka, tai imekaa begani. Tofauti senti nne. Ya nne, sawasawa. Ya tano ni ya pembe tano. Alipomaliza alibaki amechuchumaa, futi mkononi, ananitazama.

"Alitumia nini huyu mama?"

"Miguu."

"Hizi za kwetu tunapima kwa mashine ya mwanga," akasema, "na hatufiki hapa."

Leo saa tano kamati imeamua. Nakunakilia: "Hakukuwa na udanganyifu. Akaunti ifunguliwe leo. Maandishi yaliyowekwa yaondolewe na tovuti imwombe radhi dalali hadharani, mahali palepale yalipokuwa, kwa siku thelathini." Aliyependekeza siku thelathini ni bwana mwenye tai. Nilipendekeza kumi.

Na Kanuni ya Saba imekufa. Kuanzia leo hakuna akaunti itakayofungwa mpaka karani aliyesimamia shauri afungue kumbukumbu zote za dalali, ampigie simu kwa sauti yake, na aandike jina lake chini ya uamuzi. Nimeiandika mwenyewe, na wamenipa kazi ya kuwafundisha makarani wengine. Adhabu yangu ni barua ya onyo, ambayo nimeisaini kwa furaha.

Ukurasa wako uko hewani, Mama. Nimebonyeza kitufe saa sita kasoro dakika tano. Safari hii nilizisoma zote thelathini na nne kwanza. Imenichukua saa mbili.

Karani wako


9 Oktoba

Mwanangu,

Barua yako ilisomwa ofisini kwa sauti. Binti yangu ndiye aliyeisoma, alipofika kwenye ile ya senti nne akapanda juu ya kiti. Mshona viatu alikuja kuuliza kuna msiba gani, akaambiwa, naye akaanza kupiga nyundo yake mezani. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakata. Siku mbili nimewajibu wateja kwa kunong'ona, na simu hazikukoma.

Goti linatibiwa. Daktari amesema nitarudi ngazini baada ya mwaka mpya, taratibu. Kwa sasa za ghorofani anapanda mwenzangu. Ndiyo, mwenzangu, kibao kipya cha mlangoni kina binti yangu pia. Na mmoja wa wale wa magari meupe alikuja juzi kuniomba nimpimie nyumba yake. Nilimpimia. Nilimpa na kiti akae, nikimpima yeye pia kwa macho.

Sasa nikuambie la Mwalimu.

Nilimpelekea uamuzi tarehe tatu ileile, mwisho wa mwezi umeshapita. Nilijua nimechelewa. Alikuwa amekaa barazani na bahasha ya kampuni ya magari meupe, haijafunguliwa. Akasoma uamuzi wote kama anasahihisha insha, kidole kikifuata mstari. Akarudisha karatasi. "Mwisho wa mwezi niliusema nikiwa na hasira," akasema. "Endelea."

Tangazo likarudi hewani, mita tano na ishirini, na chini yake nimeandika kwamba mwanzo nilikosea nikaandika sita. Binti yangu alisema litafukuza watu. Siku ya tatu wakaja watu watano. Jana akaja wa sita, mama mmoja fundi wa kushona, mkali, anatafuta pa kuishi na pa kuweka vyerehani. Hakusalimia vizuri. Alikuwa ameshatembezwa nyumba kumi na nne na madalali kumi na wanne, na kila mmoja, alisema, alimwuzia hewa.

Akaingia sebuleni, akatoa futi yake mwenyewe shingoni, ile laini ya fundi. Akapima ukuta mrefu, pima baada ya pima, kwa magoti, midomo inahesabu. Mimi nimesimama, Mwalimu amesimama, mkewe ameshika pazia. Nilikuwa nimeukazia macho ule ukuta, mwanangu, kama vile ungeweza kusogea.

Akafika kona. Akatazama karatasi ya tangazo. Akatazama futi. Akasimama, akajikung'uta magoti.

Nikamwambia, "Bado vyumba vitatu, na jiko. Pima tu, hatuna haraka."

Akaizungusha futi yake, akaivaa shingoni.

"Hivyo vingine," akasema, "nitasoma ulivyoandika."

Mama Funguo